Picha tumeiona, tuonyesheni mkato

Jumapili jioni, kwenye kijiwe chetu cha kahawa jirani na soko la Majengo, simu moja ilizunguka mkono kwa mkono kama kibuyu kwenye sherehe. Kiooni palikuwa na picha ya uwanja wa mpira: duara jeupe, paa linalong'aa, nyasi za nje za kijani kibichi ambazo Dodoma tunaziona mwezi wa pili tu, na magari yasiyo na chembe ya vumbi. Picha haikuwa na jina la msanifu, tarehe wala mhuri wa ofisi yoyote. Aliyeileta alisema kaitoa kwenye kundi la WhatsApp na kwamba hiyo ndiyo nyumba mpya ya timu yetu ya Dodoma Jiji. Hakuna aliyembana kwa maswali. Dakika 5 hazikuisha, kijiwe kikawa kimeshagawanyika.

Mmoja alitaka paa lifanane na kichala cha zabibu, maana timu yenyewe ndiyo Walima Zabibu. Mwingine akasema zabibu ni za watalii, Dodoma ni mbuyu, basi nguzo ziwe mashina ya mibuyu. Kijana mwenye jezi ya Yanga akadai viti viwe vya kijani na njano, akazomewa na wa Simba, na hapo mazungumzo yakahamia Kariakoo kwa robo saa nzima, kama yanavyohama siku zote. Yalipotulia, mzee mmoja fundi ujenzi, mtu wa maneno machache, akaichukua ile simu, akaitazama kwa mbali kwa sababu miwani kaisahau, akamgeukia kijana wa jezi: "Mwanangu, humu ndani wewe utakaa wapi?"

Kijana alinyoosha kidole, akagusa paa.

Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake. Picha ile haikuwa na mahali pa kukaa. Ilipigwa kutoka angani, kwenye kimo anachoruka mwewe, na mwewe hanunui tiketi. Sisi wa mzunguko, wa tiketi za bei ya chini, uwanja tutauona kwa nje dakika 3, tukishuka kwenye bodaboda na kusukumana getini. Kisha tutauona kwa ndani saa mbili, mara 15 kwa msimu. Pamoja na hayo, mjadala wote wa mashabiki, hapa kwetu na kokote nilikowahi kuusikiliza, huwa ni wa zile dakika 3. Ni sawa na kuchumbia kwa kutazama kanga.

Ninachodai ni kwamba mashabiki tunaulizwa, au tunajiuliza wenyewe, kuhusu mchoro usio wetu. Mchoro wetu unaitwa mkato. Ni ule unaoupata ukilipasua jengo katikati kama papai na kulitazama kwa ubavu: hapa kiwanja, hapa safu ya kwanza ya viti, hapa safu ya mwisho, hapa paa, na jua linaingia hivi. Hauna magari wala miti. Haupendezi kusambaza. Lakini mtu akikuonyesha mkato, ndani ya dakika moja unajua kama utaona mpira au utaona visogo.

Tuanze na jambo moja ambalo mkato hauwezi kulificha: njia za riadha.

Viwanja vyetu vingi vikubwa vimezungukwa nazo. Mkapa wa Dar es Salaam, uliofunguliwa mwaka 2007 ukiwa na viti 60,000, unazo. Sheikh Amri Abeid wa Arusha unazo. Sababu inaeleweka. Uwanja wa mkoa enzi zile haukujengwa kwa ajili ya klabu. Ulijengwa kwa ajili ya kila kitu: gwaride la Mei Mosi, halaiki, Mwenge, mashindano ya shule, mikutano ya hadhara, na mpira ukiwa mmoja wa wageni. Wananchi walichangia, chama kikasimamia, na baada ya mfumo wa vyama vingi kurudi mwaka 1992 viwanja vingi vya mikoa, Jamhuri wetu ukiwamo, vikabaki mikononi mwa CCM. Sina nia ya kufungua kesi hiyo leo. Ninachosema ni kwamba umbo la viwanja vile lilijibu swali la wakati wake, na swali hilo halikuwa la mtu anayetaka kuona kama mfungaji alikuwa ameotea.

Sasa hesabu. Kiwanja cha mpira cha kawaida kina urefu wa mita 105 na upana wa mita 68. Ukikizungushia njia 8 za riadha kwa vipimo vya kimataifa, ukingo wa nje wa njia hizo unakuwa karibu mita 177 kwa urefu na mita 92 na nusu kwa upana. Gawanya tofauti kwa pande mbili. Aliye pembeni anasogezwa nyuma mita 12, anavumilia. Aliye nyuma ya goli anasogezwa mita 36, na hapo hatujahesabu uzio wala nafasi ya wapiga picha. Kumi na nane yenyewe, yaani eneo la penalti, tangu mstari wa goli, ni mita 16 na nusu. Maana yake mtu wa nyuma ya goli yuko mbali na kipa wake kuliko mara mbili ya urefu wa kumi na nane, na goli la upande wa pili liko mita 141 kutoka machoni pake. Akipigiwa penalti huko, atajua matokeo kwa kelele za wenzake.

Na nyuma ya goli ndiko wanakokaa waimbaji. Ndiko kunakopigwa ngoma na vuvuzela, ndiko kipa mgeni anakotakiwa asikie jina la shangazi yake likiimbwa. Ukiwaweka watu hao mita 36 nyuma umenunua spika ukaiweka chumba cha jirani.

Waitaliano wa Turin walilipia somo hili kwa fedha nyingi. Kombe la Dunia la mwaka 1990 liliwaletea uwanja wa Delle Alpi, wenye nafasi ya watu karibu 70,000 na njia za riadha kuzunguka. Mashabiki wa Juventus hawakuupenda hata siku moja: mbali, wazi, baridi, na mara nyingi nusu tupu. Klabu ile ile iliyokuwa ikishinda makombe ilikuwa ikicheza mbele ya saruji. Hatimaye waliubomoa, na mwaka 2011 pakafunguliwa uwanja mpya mahali hapohapo wa watu wapatao 41,000, viti vimesogea hadi karibu na mstari. Walipunguza viti, wakapata watu. Bayern Munich nao waliuacha uwanja wa Olimpiki, mzuri kwa picha kuliko viwanja vyote vya Ujerumani, wakahamia Allianz Arena mwaka 2005, na riadha haikufuatana nao.

Najua nitajibiwa nini, maana nimeshajibiwa pale kijiweni. Kanda hii ya kati ndiyo iliyomzaa Alphonce Simbu. Mtoto wa Singida, Septemba 2025 kule Tokyo, alimpita Mjerumani kwenye utepe kwa tofauti ya sekunde 0.03 baada ya kilomita 42, akawa Mtanzania wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa riadha. Nawezaje kusema tusijenge njia za kukimbilia? Sisemi hivyo. Tujenge, tena haraka. Nasema zijengwe pembeni, ziwe na jukwaa lao dogo la watu 1,000 au 2,000, ambapo mkimbiaji atafanya mazoezi kila asubuhi bila kufukuzwa na mtunza nyasi. Kuzizungushia kiwanja cha mpira ni kuwakosea wote wawili: shabiki haoni, na mwanariadha anapewa uwanja unaofungwa kwa sababu Jumamosi kuna mechi.

Jambo la pili ni ukubwa, na hapa najua nitawaudhi watu wa nyumbani.

Dodoma Jiji ilipanda Ligi Kuu mwaka 2020. Ligi ina timu 16, kwa hiyo kila msimu timu ina mechi 15 nyumbani. Kati ya hizo, mbili ni Simba na Yanga. Siku hizo Jamhuri hujaa hadi watu wananing'inia, na ukitazama majukwaa utadhani timu mwenyeji ndiyo imesafiri: nyekundu kwa nyekundu, au kijani na njano, na sisi wa Jiji tumebanwa kwenye kona kama wapangaji wanaodaiwa kodi. Azam akija, wastani. Mechi 12 zilizobaki unachagua kiti, na ukitaka unalaza miguu kwenye kiti cha mbele.

Mtu akiniambia tunajenga uwanja wa klabu wa watu 30,000, namuuliza: unamjengea nani? Unaujengea Msimbazi na Jangwani, yaani Simba na Yanga, siku mbili kwa mwaka. Uwanja wa taifa ni habari nyingine. Mfalme wa Morocco alipokuja nchini mwaka 2016 aliahidi kutujengea uwanja mkubwa hapa makao makuu, na habari za uwanja wa Nzuguni tumezisikia hadi wengine tumepata wajukuu. Arusha wamebuniwa uwanja wa watu 30,000 kwa ajili ya AFCON ya 2027. Hivyo ni viwanja vya nchi, vina hesabu zake, na serikali ndiyo itakayolipia umeme. Klabu ni nyumba. Azam kule Chamazi wana uwanja wa takribani watu 10,000, na mechi ya watu 6,000 pale ina kelele kuliko mechi ya watu 15,000 kwa Mkapa. Majirani zetu Singida Black Stars nao wamejijengea chao kule Mtipa bila kungoja mfalme yeyote.

Mimi ningesema watu 12,000, msingi ukiwa umeandaliwa kubeba nyongeza siku timu itakapostahili. Kijana wa jezi ya Yanga aliposikia hivyo alisema namdharau. Nikamwambia, kaka, wewe unakuja mara moja kwa mwaka.

Hapo ndipo tulipofika kwenye jua.

Mechi zetu nyingi za mchana huanza saa 10 jioni. Dodoma jua huzama kati ya saa 12 na nusu na saa 1, na kwa kuwa tuko nyuzi 6 tu kusini mwa ikweta, halizungukizunguki. Linashuka magharibi moja kwa moja, nyuzi 15 kila saa, kama ndoo kisimani. Ndiyo maana kiwanja hulazwa kaskazini kwenda kusini, ili kipa asidake mpira ulio ndani ya jua. Hilo wasanifu wote wanalijua. Wasilolisema kwa sauti ni nani anapewa upande gani. Jukwaa kuu, lenye wageni rasmi na viti vyenye mito, huwekwa magharibi: jua liko mgongoni, paa liko juu. Mzunguko unawekwa mashariki, uso kwa uso na jua kwa dakika 90.

Niliwahi kukaa upande huo katika uwanja mmoja wa mkoa ambao jina lake nalihifadhi. Nilikunja gazeti nikaliweka juu ya nyusi, mkono mmoja ukafa ganzi, nikabadilisha mkono. Goli pekee la mechi ile lilifungwa wakati nabadilisha mkono.

"Si wataweka paa," atasema mtu. Paa la mashariki halizuii jua la magharibi. Saa 11 na nusu jua liko chini sana, linapenya chini ya paa kama mwizi chini ya senyenge. Kinachoweza kusaidia ni kivuli cha jukwaa la upande wa pili, na kivuli hicho kinapimika. Siku jua linapozama saa 12 na dakika 40, jukwaa la magharibi lenye kimo cha mita 20 hutupa kivuli cha mita 27 hivi saa 10 na robo, mpira umeanza tu. Ifikapo saa 11 na dakika 40 kivuli kinafika mita 75. Kwenye uwanja usio na njia za riadha, hapo kinakuwa kimevuka kiwanja na kubisha hodi mashariki, zimebaki dakika chache mpira uishe. Ukiweka njia za riadha, filimbi ya mwisho inapulizwa hakijafika. Kwa vyovyote vile, wa mashariki ameshaungua.

Kwa hiyo ushauri wangu ambao hauwezi kupendeza kwenye picha ni huu: uwanja wa Dodoma usiwe duara. Uwe wa upande mmoja. Jukwaa refu la magharibi libebe nusu ya watu au zaidi, wenye VIP na wa mzunguko ndani ya paa moja, bei zitofautishwe kwa safu na si kwa jua. Nyuma ya magoli yawepo majukwaa mawili makali, yaliyosogea karibu kabisa. Mashariki pabaki padogo. Duara linapendwa kwa sababu linafanana na viwanja tunavyoviona kwenye televisheni, lakini vile vilibuniwa kwa nchi ambazo jua la jioni ni zawadi, watu wanalifuata na kofia wanavua.

Wenyeji wa hapa hawakuhitaji msanifu kuwaambia hivyo. Tembe la Kigogo ni jengo fupi, paa bapa la udongo, kuta nene, limezungushia ua ambamo ng'ombe hulala na watu hukaa. Linainamia upepo. Hakuna anayelitazama tembe kwa mbali akasema ni zuri kama kichala cha zabibu. Uzuri wake unaujua ukiwa ndani saa 8 mchana mwezi wa kumi.

Na upepo ndio unaoniharibia hoja yangu, bora niseme mwenyewe kabla hamjanisuta. Kiangazi, hasa kuanzia mwezi wa sita, Dodoma hupigwa na upepo mkavu kutoka mashariki na kusini mashariki. Nani hapa hajala vumbi la mwezi wa nane? Krosi inapinda, goli kiki inamrudia kipa, mama anayeuza karanga anakimbizana na vifuko vyake. Jua linasema jenga magharibi, upepo unasema funga mashariki. Siwezi kuvipatanisha kabisa. Mzee fundi alipendekeza jambo ambalo nimelilalia usiku kadhaa: udongo utakaochimbwa wakati wa kusawazisha kiwanja urundikwe mashariki uwe tuta refu, lipandwe miarobaini juu yake. Tuta halihitaji nondo. Watoto wa shule wanaweza kukaa kwenye mteremko wake wa ndani kwa shilingi mia chache, miti ikikua inavunja upepo. Itachukua miaka 5 au 6 mwarobaini kuwa mti wa maana. Klabu inayojenga nyumba yake inaweza kungoja miaka 6. Mwanasiasa hawezi, ndiyo maana picha huwa na miti iliyokwisha kukua.

Tukirudi kwenye mkato wenyewe, kuna kipimo kimoja ambacho kila shabiki angekijua kama anavyojua sheria ya kuotea. Chora mstari kutoka kwenye jicho lako hadi kwenye chaki ya pembeni iliyo karibu nawe. Mstari huo unapita juu ya jicho la mtu aliyekaa mbele yako kwa sentimita ngapi? Zikiwa 12, unaona juu ya utosi wake, kaa utulie. Zikiwa 9, utanyoosha shingo kidogo. Zikiwa 6, unachungulia katikati ya vichwa viwili, na mmojawapo akimgeukia mwenzake goli limekupita. Pakiwa na watu wa kofia wanapendekeza 15. Kwetu sisi weka pama, weka kilemba, weka na yule mzee asiyeachana na mwavuli.

Sentimita hizo hazitoki bure. Kadiri unavyowasogeza watu karibu na kiwanja, ndivyo kila safu inavyotakiwa kupanda zaidi ya ile ya mbele, na jukwaa linakuwa kali na refu, nondo zinaongezeka. Mkandarasi akibanwa na bajeti, hapa ndipo anapokata, kwa sababu sentimita 3 hazionekani kwenye picha. Paa la zabibu likikatwa, gazeti litaandika. Sentimita 3 zikikatwa hakuna atakayejua hadi siku ya mechi ya kwanza, na siku hiyo watu wote watasimama, na wakishasimama wote watoto hawaoni tena.

Everton tunawafahamu, walikuja Dar es Salaam Julai 2017 wakacheza na Gor Mahia, Rooney akafunga. Uwanja wao mpya wa kule gatini Liverpool, wa watu karibu 53,000, ulianza kutumika kwenye ligi Agosti 2025. Kabla ya ujenzi klabu iliwauliza wakazi na mashabiki wake, na kilichotiliwa mkazo kuliko mapambo ni jukwaa moja la kusini: la kipande kimoja, la watu wapatao 13,000, lenye mwinuko mkali kadiri kanuni zinavyoruhusu, ili sauti itoke kama inatoka koo moja. Watu wale waliliachia machozi dimba lao kuukuu la Goodison. Lakini walijua cha kudai, kwa sababu lile dimba kuukuu lilikuwa limewafundisha maana ya kukaa karibu.

Milango nitaipitia haraka, si kwa kuwa ni midogo. Mwongozo wa usalama wa viwanja wa Waingereza unataka watu watoke majukwaani ndani ya dakika 8, na unakadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana wa njia isiyo na ngazi. Watu 12,000 wanahitaji upana wa mita 18 na zaidi. Kama geti lina mita 3, ni mageti 7, yote wazi, si 7 kwenye mchoro na 2 siku ya mechi kwa sababu funguo anazo mtu aliyeenda kuswali. Mei 2023, fainali ya Yanga na USM Alger, mtu alikufa kwenye msongamano pale kwa Mkapa. Januari mwaka uliotangulia, uwanja wa Olembe kule Yaoundé, Cameroon, walikufa watu 8 kwenye lango. Hayo yote hutokea mahali ambapo picha ya angani haionyeshi chochote.

Vyoo sikuwa nimevifikiria. Nilikumbushwa na dada anayetuchomea chapati, aliyekuwa akisikiliza muda wote huku ametugeuzia mgongo. "Nyie mnabishana zabibu," alisema. "Mimi mume wangu ananikatia tiketi siendi. Niende nikajibane saa tatu?" Kijiwe kikanyamaza. Tulikuwa wanaume 11, tumejenga uwanja mzima kwa mdomo, na hakuna aliyekuwa ameweka choo cha wanawake.

Maji ya hivyo vyoo nayo, na ya nyasi. Mji huu unakunywa zaidi kutoka visima vya Mzakwe, na mitaani ratiba ya mgawo tunaijua kwa moyo. Nyasi asilia zikihitaji milimita 5 za maji kwa siku wakati wa kiangazi, kiwanja kimoja kinakunywa lita 35,700 kila siku. Mvua yetu ni milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, inanyesha miezi michache halafu inakwenda zake. Paa la mita za mraba 8,000 linaweza kukinga lita milioni 4.4. Toa moja ya tano ya upotevu, unabaki na maji ya siku 98 za kumwagilia, bila kugusa kisima cha mtu, mradi tangi lichimbwe chini ya jukwaa tangu mwanzo. Kiangazi ni miezi 7. Siku 98 hazitoshi, lakini klabu inayomwagilia nyasi wakati mtaa wa Chang'ombe unapanga ndoo haitapendwa, hata ikishinda.

Na Dodoma Jiji si mali ya tajiri. Ni timu ya Halmashauri ya Jiji. Siku ikijenga, itajenga kwa fedha za ushuru wa soko lilelile tunalonywea kahawa pembeni yake, na mchoro utapita kwa madiwani tuliowachagua. Shabiki wa Everton aliomba kuulizwa. Sisi ni wenye mali, tunaweza kwenda kwa diwani na karatasi tukasema: mstari wa jicho ni sentimita ngapi, mageti ni mangapi, jua la saa 11 linampiga nani.

Mzee fundi aliuchora mkato palepale, kwa kipande cha mkaa, kwenye ubavu wa benchi. Kiwanja mstari mmoja, safu kama meno ya msumeno, jua duara kushoto. Kijana wa jezi ya Yanga akainama, akahesabu safu kwa kidole, akachagua ya 9. Akauliza ni shilingi ngapi.

Usiku nikaandika kwenye lile kundi la WhatsApp, kwa adabu zote: ndugu, aliyetuma picha ya uwanja atusaidie na mchoro wa mkato. Baada ya nusu saa nikajibiwa. Ilikuwa picha ileile, duara lilelile, ila safari hii ni usiku na lina taa za zambarau.